Yule wa Kwenye Kona

Jumatatu, 3 Machi

Gari jipya limefika. La umeme! Jeupe, linang'aa kama sahani ya mgeni. Lile la zamani, Kikohozi, limeuzwa. Sikulilia.

Mwalimu alitukusanya uwanjani mwa shule ya udereva akatuzungusha kulitazama, amejaa madaha utadhani kalizaa yeye. Hakuna klachi. Hakuna gia za kupigana nazo. Unabonyeza, skrini inawaka, basi. Kasuku akauliza, sasa tutajuaje kama limewaka? Mwalimu akamjibu, likikugonga utajua. Kasuku ni binamu yangu, mtoto wa mama mdogo, lakini kwenye masomo haya huwa simtambui. Jina lake amelipata kihalali. Hanyamazi hata akiwa na tonge mdomoni.

Nimeliendesha kidogo kati ya zile koni. Linateleza tu. Ukigusa pedali ni kama limeshakusikia kabla hujaamua. Katikati kuna skrini kubwa, na ndani yake gari letu limechorwa dogo, na kila kilicho karibu nalo kinachorwa: magari, pikipiki, watu. Watu ni vijisanamu vya kijivu, havina sura. Kasuku alikimbia huku na huku mbele ya gari ili ajione. Kijisanamu chake nacho kikakimbia. Hata cha kijivu kilionekana kinaongea.

Nyumbani nikamsimulia Baba. Yeye aliendesha mabasi ya masafa marefu tangu sijazaliwa, mpaka sukari ikamwibia macho. Siku hizi ananiita Konda, maana mimi ndiye ninayemsomea njia. Alisikiliza mpaka mwisho, akaguna.

"Gari lisilo na sauti ni kama mtu anayeingia bila hodi."

Halafu akasema nipate leseni upesi, amechoka kupakiwa kama gunia kwenda kliniki kwenye magari ya watu.

Jumatano, 5 Machi

Leo barabarani. Mimi kwenye usukani, Mwalimu pembeni yangu, Kasuku nyuma akinipa ushauri ambao hakuombwa.

Tulifuata njia ya mtihani. Mataa – sawa. Mzunguko – nilisita, nikapigiwa honi, sawa. Halafu ile barabara inayoambaa na ukuta mrefu wa bohari mpaka kwenye kona. Hakuna nyumba pale. Ukuta upande mmoja, mfereji upande wa pili, na kijinjia cha miguu kinachopanda kutoka bondeni.

Kwenye kona gari lilipiga breki. Si mimi. Si Mwalimu – nilitazama mguu wake, ulikuwa mbali na ile breki yake ya pili. Gari lenyewe. Mkanda ulinibana nikakosa pumzi, na Kasuku akakipiga kiti changu kwa paji la uso.

Mbele hapakuwa na mtu.

Lakini kwenye skrini alikuwepo. Kijisanamu cha kijivu, kimesimama ukingoni mwa barabara pale kijinjia kinapotokea. Kimoja tu. Kinatuelekea.

Mwalimu alisema ni vumbi kwenye kamera. Akashuka, akainama mbele ya gari, akaifuta kwa leso yake. Mimi niliitazama skrini. Sasa walikuwa wawili. Mmoja ameinama, anafuta. Mwingine amesimama karibu naye, karibu mno, kama mtu anayetaka kusema kitu ila anasubiri mkubwa amalize kazi.

Mwalimu aliporudi nikamwambia. Akasema, "Kanyaga taratibu, tuondoke."

Ijumaa, 7 Machi

Fundi kaja. Kijana mpole, kaunganisha kompyuta yake kwenye gari, kanywa chai, kasema kila kitu kizima. Huenda ni kivuli cha nguzo. Nikamwambia pale hakuna nguzo. Akasema basi ni kivuli cha kitu kingine.

Mwalimu alipiga simu ofisi ya mtihani kuuliza: gari likijifunga breki lenyewe, inakuwaje? Jibu: mtahiniwa amefeli. Kwa sababu ina maana gari limeona kitu ambacho dereva hakukiona.

Nilicheka. Halafu nikaacha.

Tulipita tena pale kwenye kona, mara hii mwendo wa konokono, nimelisogeza gari mbali na ukingo kadiri barabara ilivyoruhusu. Halikupiga breki. Lakini nilipokuwa ninampita – naandika "ninampita", sijui niandike nini – kijisanamu kiligeuka taratibu kutufuata. Umeona mtu kituoni anavyochungulia gari linalokuja, aone kama ndilo lake? Hivyohivyo. Na lisipokuwa lake, anarudi kutazama barabara.

Mwalimu hakutazama skrini. Tangu tulipoukaribia ule ukuta alikuwa akitazama dirisha la upande wake, na mkono wake umeshika mpini wa mlango.

Jumamosi, 8 Machi

Kasuku amegundua namna ya kuzima ile breki ya kujifunga. Iko ndani kabisa ya skrini, unapitia milango mingi kama nyumba ya mfalme. Ukizima gari na kuliwasha upya, inarudi. Mtihani wake ni Jumanne. Anasema hawezi kufelishwa na katuni.

Nikamwambia asifanye. Akaniuliza kwa nini. Nikasema, basi tu.

Jumanne, 11 Machi

Kasuku kafaulu.

Tulikuwa kwenye benchi la kungojea, mimi na mama mdogo, tunaliona gari likirudi uwanjani. Likaegeshwa vizuri katikati ya mistari. Mtahini akashuka – yule mzee wa sweta ya kijivu, anayezungumza kana kwamba maneno yanauzwa – akamwambia amefaulu, akaingia ofisini. Mama mdogo alipiga kigelegele mpaka wenye mitihani yao wakasahau walichokariri.

Kasuku akabaki ndani ya gari. Mikono kwenye usukani. Nilipofungua mlango alinitazama kama mtu aliyeamshwa.

Hakusema kitu. Kasuku!

Tulimpeleka nyumbani, wakamwandalia chai, akala kimya. Mama mdogo akampima joto kwa kiganja. Alipotoka nje kwenda kunawa mikono bombani nikamfuata.

"Uliizima ile breki?"

"Niliizima kabla Mtahini hajaingia."

"Ukamwona?"

"Kwenye skrini. Palepale kwenye kona. Mtahini alikuwa ameinamia karatasi zake. Nikasema kimoyomoyo, katuni wewe, na mimi nikaendelea." Akafunga bomba. Akalifungua tena. "Yule akashuka ukingoni. Akaja katikati ya barabara, mbele yangu. Kama anasimamisha gari."

"Nawe?"

"Barabara ilikuwa tupu, dada. Ungefanya nini? Nikapita. Nikasema samahani, ikanitoka kwa sauti. Mtahini akaniuliza ninamwomba nani samahani. Nikamwambia najisemea."

Nikamuuliza alihisi nini. Nilifikiri atasema baridi, watu husema baridi.

"Unajua ukiwa kwenye foleni mtu akakupita karibu, asikuguse, lakini ukajua kapita? Hivyo. Alinipita hapa" – akagusa bega lake – "akaenda nyuma."

Jumatano, 12 Machi

Kwenye kona hakuna mtu.

Nimepita mara kadhaa, kwenda na kurudi, nimetazama skrini mpaka Mwalimu akanikemea nitazame barabara. Ukuta, mfereji, kijinjia. Skrini nyeupe. Gari halina wasiwasi hata kidogo.

Ningefurahi. Ila tangu tulipotoka shuleni kulikuwa na kengele. Ti, ti, ti. Na taa nyekundu ya mkanda. Nikauangalia wangu, umefungwa. Wa Mwalimu, umefungwa. Nikasoma maandishi: kiti cha nyuma, kushoto. Abiria hajafunga mkanda.

Kasuku hakuwepo, keshamaliza masomo. Tulikuwa wawili tu.

Mwalimu alisimamisha somo, akapapasa kile kiti. Akainua zulia la miguuni. Akakizaba kiti kofi, kama unavyoizaba redio mbovu. Kengele iliendelea. Akasema sensa ya kiti imeingia maji. Mvua haijanyesha wiki nzima.

Tukaendesha hivyohivyo mpaka mwisho. Ti, ti, ti. Kwenye kioo cha kati nilikuwa naona kiti kitupu, na sikupenda namna nilivyokuwa nakitazama: haraka, halafu pembeni, kama unavyomtazama mtu usiyetaka mgonganishe macho.

Alhamisi, 13 Machi

Niandike kwa utaratibu, maana mkono unakimbia.

Leo ilikuwa siku ya kliniki ya Baba. Mama alikuwa kazini. Manyunyu tangu asubuhi. Mwalimu akasema, kliniki iko njiani, tumchukue mzee iwe ndiyo somo lako. Baba akavaa kofia yake ya kazi, ile ya udereva, akasema haendi kupakiwa na binti yake akiwa kichwa wazi.

Nikamkalisha nyuma, upande wa kulia. Nikamfunga mkanda. Nikaliwasha gari. Ti, ti, ti – kiti cha kushoto.

Tulikuwa tumeshavuka mataa Baba aliposema, kwa sauti yake ya utani, "Watoto wa siku hizi. Mzee anaingia garini, shikamoo hakuna."

Nilidhani ananiambia mimi. Nikasema, "Baba, si nilikuamkia nyumbani?"

"Wewe uliniamkia. Namsema huyu mwenzako." Na akageuza uso upande wa kushoto, kwenye kile kiti, akasema kwa upole, "Funga mkanda, mwanangu. Unatupigia kelele."

Mwalimu hakugeuka. Aliuliza akitazama mbele, "Mzee, unaongea na nani?"

"Na huyu binti. Hamkuniambia mna mwanafunzi mwingine."

"Umejuaje ni binti?"

"Mafuta ya nywele. Na anapumua juujuu, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe."

"Mafuta gani?" Sauti ya Mwalimu ilikuwa nyembamba, sikuwahi kuisikia hivyo.

Baba alivuta hewa. "Mchaichai."

Mwalimu aliniambia niegeshe. Nikatoa ishara, nikaegesha. Akashuka akasimama kwenye manyunyu, ametupa mgongo. Baba akaniuliza amesema nini kibaya. Nilikuwa naogopa hata kutazama kioo.

Aliporudi nguo zake zilikuwa zimelowa mabegani. Akaongea akitazama mikono yake.

Alikuwa mwanafunzi wake, kabla yetu. Rika letu. Siku ya mtihani walikubaliana amchukue pale kwenye kona, kwa sababu kwao ni bondeni na kijinjia kinatokea pale. Mvua ilikuwa imenyesha. Mwalimu akachelewa. Si uzembe – mwanafunzi aliyetangulia alishindwa kuegesha, akamwambia arudie, akashindwa, akamwambia arudie tena. Binti akasubiri ukingoni. Lori likateleza kwenye kona. Mwalimu alipofika walikuwa wameshamfunika.

"Na nimepita pale na Kikohozi kila siku ya kazi tangu hapo," akasema. "Kila siku. Mbele yake. Gari lile halikuwa na macho."

Kengele ilikuwa bado inalia.

Baba akavua kofia, akaipakata mapajani. "Hana hasira," akasema. "Nimebeba watu wenye hasira, najua wanavyokaa. Huyu anasubiri tu."

Halafu akauliza kama tutachelewa kliniki. Tukaenda. Aliposhuka aliupapasa mlango, akageukia ndani ya gari, akasema, "Haya mwanangu, tutaonana." Hakuwa anasema na mimi.

Ijumaa, 14 Machi

Somo limefutwa. Mwalimu anaumwa. Hakuna la kuandika.

Kasuku alikuja. Nilimweleza yote. Akauliza jina lake. Nikamwambia Mwalimu hakulitaja. Akakaa barazani na Baba bila kusema neno, wakasikiliza redio mpaka jua likashuka.

Jumatatu, 17 Machi

Nimefaulu.

Ningetaka iishie hapo. Baba kaniita kondakta aliyepandishwa cheo. Mama kacheka na kulia kwa zamu. Nastahili ukurasa mzima wa furaha. Lakini hayo si yote.

Mtahini aliingia, akafunga mkanda wake, akafungua karatasi. Kengele: ti, ti, ti. Akatazama taa. Sheria yao ni kwamba gari haliondoki uwanjani taa ya mkanda ikiwaka.

"Kuna mzigo nyuma?"

"Hakuna, mzee."

Akashuka, akazunguka, akaufungua mlango wa nyuma wa kushoto. Nilimwona kwenye kioo. Alisimama ameinama, mkono mmoja juu ya paa, akatazama kile kiti. Kiti kitupu hakihitaji kutazamwa kiasi kile. Kisha akauvuta mkanda, akaupitisha mbele kwa uangalifu, akaacha nafasi ya tumbo, vile unavyomfunga mtoto wa mtu. Ukalia, tik. Kengele ikanyamaza.

Akarudi kwenye kiti chake. "Endelea."

Niliendesha vizuri kuliko siku zote. Sijui ni nani aliyekuwa akiendesha, mikono ilifanya yenyewe. Mataa. Mzunguko. Ukuta wa bohari. Kwenye kona hakuna breki, hakuna kijisanamu. Mara moja tu nikatazama kioo cha kati, kwa sababu kutazama kioo kuna alama zake. Mkanda wa nyuma haukuwa umelala kwenye kiti. Ulikuwa mbele kidogo, umejaa. Unapanda. Unashuka.

Nilirudisha macho barabarani na sikuyatoa tena.

Uwanjani Mtahini akaniambia nimefaulu. Mwalimu alikuja mbio kunipongeza, uso umemkonda tangu Alhamisi. Mtahini akamngoja amalize kunikumbatia. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za kazi:

"Na wa nyuma? Naye ni wa leo?"

Mwalimu akashika kifundo cha mkono wangu.

"Ni yule wako wa siku ya mvua," akasema Mtahini. Hakuwa anauliza. "Nilimwita siku ile. Nikatoka mpaka getini nikamwita tena. Nikaandika hakufika. Naandika 'hakufika' kila wiki, wengine nimewasahau kabla wino haujakauka." Akavua miwani, akaifuta kwenye sweta. "Yule nilikuja kuambiwa baadaye alikuwa wapi."

Mwalimu akasema kwa shida, "Nifanye nini, mzee?"

"Mlete kesho, watu wakishaisha. Mchana. Sifanyi mtihani gizani."

Akaingia ofisini. Akamwita aliyefuata.

Jumanne, 18 Machi

Naandika nikiwa garini, daftari gotini. Mwalimu ameniona, akasema andika tu, mikono ikiwa na kazi haitetemeki.

Asubuhi nilimwambia Baba. Akasema leseni ninayo, nikikataa hakuna wa kunilaumu, na yeye kliniki anaihitaji kuliko anavyohitaji binti shujaa. Nikafikiri yameisha. Kisha akasema, "Lakini mimi, Konda, katika miaka yangu yote sikumwacha njiani mtu mwenye tiketi."

Sijui kama ilikuwa ruhusa. Nimekuja. Mwalimu aliniomba jana kwa sauti ndogo: hataki kukaa nyuma peke yake.

Uwanja mtupu. Mtahiniwa wa mwisho keshaondoka, kafeli, kaipiga teke koni moja njiani. Jua kali, vivuli vifupi. Kasuku yuko getini, anawaambia watu pamefungwa leo. Amekataa kuingia garini, lakini kwanza alikuja mpaka dirisha la nyuma, akainama, akasema, "Samahani kwa siku ile. Sikujua kama unasimamisha gari kweli." Akarudi getini bila kutazama nyuma.

Mtahini alikuwa ameshakaa mbele, kiti cha abiria, karatasi mapajani. Mwalimu akaufungua mkanda wa kiti cha nyuma. Akaufungua mlango wa dereva, akaushikilia, akasogea kando kama unavyompisha mtu. Tukangoja. Mlango wa dereva wazi, upepo hakuna. Nilikuwa nimesimama nje, najiambia: sasa hivi tutacheka sote, twende zetu nyumbani.

Kiti cha dereva kikasogea mbele.

Kina mota yake, najua. Kikaenda mbele taratibu, kikasimama, kikaenda tena kidogo. Kikapanda juu.

"Alikuwa mfupi," Mwalimu akasema. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Kila mara nilikuwa namkumbusha kiti."

Ti, ti, ti. Dereva hajafunga mkanda.

Mwalimu akainama, akauvuta, akaufunga. Akaupapasa kidogo pale begani. Akafunga mlango polepole, akaja kukaa huku nyuma, upande ule wa kushoto. Anasema kiti kina joto.

Sasa tuko ndani sote. Harufu ya mchaichai, kidogo tu. Ameushika mkono wangu wa kushoto, wa kulia ameuachia kalamu.

Mtahini ametaja jina lake. Jina lake na la baba yake, kwa sauti ya kawaida, kama anavyotuita sote benchini. Sitaliandika, si langu. Ametulia kidogo, kichwa kimeinama upande mmoja, kama anayesikiliza. Ametikisa kichwa kukubali. Amefungua kalamu.

Vioo vya pembeni vinajigeuza. Ndani kidogo. Nje kidogo. Vimetulia.

"Ukiwa tayari," Mtahini amesema, "toka uwanjani, geuka kushoto."

Hakuna sauti. Gari hili halitoi sauti hata likiwa limewaka, sijui kama limewaka, kutoka hapa sioni skrini. Namwona Kasuku tu, kule mbele. Amefungua geti lote, amejibanza ukutani.

Mwalimu ananong'ona kitu kando yangu, hanong'oni na mimi. Taratibu, anasema. Taratibu, mama, hakuna anayekukimbiza.

Indiketa ya kushoto imeanza kupepesa.

Mtahini ameinamia karatasi yake. Ametia alama ya vema ya kwanza.